St Albans au Tarneit? Nyumba kongwe ya mbao au nyumba mpya ya matofali, kwa wenzangu mnaotafuta magharibi ya Melbourne

Jumamosi kumi na moja mfululizo mi na Baba Nasra tumeingia na kutoka kwenye nyumba za watu huku magharibi ya Melbourne, makabati tunafungua, bomba tunafungulia, choo tunavuta maji, mpaka mwisho zikabaki mbili tu mezani na hazifanani hata kidogo. Ya kwanza iko St Albans, ya mbao, imejengwa miaka ya 50, vyumba vitatu, kiwanja mita za mraba 590. Ya pili ilikuwa bado haipo, ni kiwanja cha mita 350 Tarneit pamoja na mchoro wa nyumba ya vyumba vinne, bafu mbili, garaji ya gari mbili. Bei sasa, kwa dola za Australia: St Albans 690,000, Tarneit kiwanja na nyumba pamoja 678,000. Zimepishana kidogo tu kwa iyo bei haikusaidii kuamua, inabidi uangalie mengine yote. Nimeulizwa swali hili na watu wengi msibani na harusini, nikaona bora niliandike lote mara moja.

Kwa asiyejua ramani, St Albans iko kama kilomita 17 kutoka katikati ya jiji, halmashauri ya Brimbank, ni mtaa wa zamani. Tarneit iko kama kilomita 25, halmashauri ya Wyndham, na juzijuzi tu ilikuwa mashamba na mawe, leo ni mapaa matupu mpaka macho yanapoishia. Sensa ya 2021 ilikuta watu zaidi ya 56,000 pale. Wabongo, Wakenya, Wakongo, Warundi, Wasomali, Wahindi, wote tupo kote kote, kwa iyo usichague kwa kuogopa upweke wa lugha, Kiswahili utakisikia pande zote mbili.

Nianze na pesa maana ndo inayomaliza watu. Victoria, jimbo la Australia ambalo Melbourne imo, ukinunua nyumba ya kwanza ya kuishi mwenyewe na bei haizidi 600,000 unasamehewa wote ule ushuru wa stempu, yaani kodi ya jimbo unayolipa ukinunua nyumba au kiwanja, kati ya 600,000 na 750,000 unapunguziwa kidogo kidogo. Ile ya St Albans ya 690,000 ushuru ulikuja kama 21,900 hata baada ya punguzo. Tarneit ushuru unapigwa kwenye kiwanja peke yake maana nyumba haijajengwa, kiwanja chetu kilikuwa 372,000, kwa iyo ushuru sifuri. Juu ya hapo serikali ya jimbo inatoa dola 10,000 kwa nyumba mpya isiyozidi 750,000, nyumba kongwe haipewi hata senti. Hesabu ya haraka haraka, Tarneit imeshakutangulia kwa kama 32,000 kabla hujalala humo hata usiku mmoja. Mtu akikwambia hela hizo ndogo usimsikilize, ni kubwa sana.

Ila subiri. Ile bei ya nyumba inayoandikwa kwenye bango kubwa kando ya barabara sio bei ya nyumba. Sisi tuliambiwa nyumba inaanzia 268,000, tukakaa ofisini kwao kwenye makochi mazuri tukanyweshwa kahawa, tulipoinuka ilikuwa 306,000, na hapo njia ya gari ya zege haimo, mapazia hayamo, nyavu za nzi madirishani hazimo, kamba ya kuanikia nguo haimo, sanduku la barua halimo, na fensi unachangia nusu na jirani. Afu kuna gharama za ardhi yenyewe. Magharibi ya Melbourne yote imekaa juu ya mwamba wa volkano, wakichimba msingi wakakuta jiwe unalipa wewe, isipokuwa mkataba umefunga bei hiyo kabisa. Lazimisha ifungwe. Usikubali maneno ya "kwa kawaida haizidi", mwambie aandike namba.

Na kuna kodi ya pango. Kiwanja chenyewe kilikuwa hakijapata hati, wanasema kitapata baada ya miezi saba, ndo ujenzi uanze, ujenzi nao usipungue miezi kumi. Muda wote huo unalipa pango unapoishi na riba ya kiwanja imeshaanza, na mjenzi anadai kwa hatua: Victoria kwa mkataba wa kawaida ni asilimia 5 ya kwanza, msingi 10, fremu 15, nyumba ikishafungika milango na madirisha 35, kazi za ndani 25, na inayobaki mwishoni. Tulipiga hesabu ya pango letu la 480 kwa wiki kwa mwaka na nusu, ikafika zaidi ya 37,000. Ile 32,000 ya faida imeisha hapo hapo na imekula na nyingine. Kama unaishi kwa ndugu bila kodi hesabu yako itakuwa tofauti kabisa na yangu, na kwako Tarneit itashinda, sikufichi.

Jambo lingine la kujenga ni usalama wa mjenzi mwenyewe. Machi 2023 kampuni kubwa kabisa, Porter Davis, ilifilisika na nyumba kama 1,700 za Victoria na Queensland zikabaki katikati, nyingine ni msingi tu, nyingine fremu za mbao zinanyeshewa na mvua. Na ikagundulika kuna mamia ya wateja waliotoa malipo ya awali lakini bima ya ujenzi haikukatwa kwa majina yao. Serikali ya jimbo ikaja kuwafidia, lakini usitegemee kila mara itakuja. Kwa sheria ya hapa kazi ya zaidi ya 16,000 mjenzi anatakiwa awe na hiyo bima kabla hajapokea hela yako, kwa iyo kabla ya kutoa chochote dai cheti chenye jina lako na anwani ya kiwanja chako, kisome, afu ndo ulipe. Mi najua sisi tunaona aibu kudai karatasi kwa mtu aliyetukarimu kahawa, hapo ondoa aibu.

Sasa tuje kwenye nyumba zenyewe.

Ya St Albans imepandishwa juu ya nguzo fupi, chini kuna uwazi mtu unatambaa. Ukiingia sakafu ni mbao, sebule ndogo, jiko limetengenezwa upya labda miaka ya 90, hita ya gesi ukutani moja kwa nyumba nzima. Nilimwambia mwanangu Salim anipe gololi mfukoni kwake, nikaiweka katikati ya sebule, ikatulia kidogo kama inafikiri, afu ikaanza kwenda, ikavuka mlango wa jiko, ikaenda kugonga ukuta wa nyuma. Dalali akatazama pembeni. Maana yake nguzo za upande ule zimezama. Udongo wa huku ni mfinyanzi unaovimba ukipata maji na kusinyaa kiangazi, nyumba inapanda inashuka kila mwaka, ndo maana utaona milango ya nyumba za magharibi inagoma kufungwa Februari ikifika Agosti inafunga vizuri. Nyumba ya mbao inalivumilia hilo, unaita mafundi wanabadilisha nguzo moja moja na kuisawazisha, sisi tuliambiwa kama 16,000. Nyumba ya matofali ya zamani ikipasuka ni shughuli nzito zaidi, kwa iyo ukikuta ufa wa ngazi ngazi kwenye matofali unaoingia kidole, ondoka zako.

Nyumba mpya ya Tarneit inakaa juu ya slabu ya zege, imepigiwa hesabu na injinia kulingana na udongo wa kiwanja, lakini na yenyewe haitaki utani na maji. Ukipanda mti karibu na ukuta, ukamwagilia bustani iliyobanana na msingi, au mfereji ukimwaga pembeni ya nyumba, slabu inanyanyuka upande mmoja. Nina jamaa Tarneit milango yake mitatu imekatwa chini ili ifunge na nyumba haina miaka sita.

Asbesto, zile nyuzi za madini zilizochanganywa kwenye bodi za ujenzi wa zamani, vumbi lake ukilivuta linaleta saratani. Nyumba yoyote ya Australia iliyojengwa kabla ya mwishoni mwa miaka ya 80 ihesabu kwamba inayo mpaka ithibitike haina, na marufuku kamili ilikuja baadaye sana, tarehe 31 Desemba 2003. Mkaguzi wetu alitwonyesha chini ya mapaa pale yanapotokeza nje, na nyuma ya vigae vya bafu. Ikiwa nzima na imepakwa rangi haina neno, usiitoboe, usiipige msasa, usimwite binamu aje kubomoa bafu Jumapili kwa nyundo. Hiyo gharama ya kuitoa iweke kwenye hesabu kama unafikiria kuboresha.

Joto na baridi hapa Tarneit inashinda bila ubishi. Nyumba mpya Victoria tangu Mei 2024 inatakiwa kufika nyota saba za kutunza joto, kuta zina sufi, madirisha vioo viwili mara nyingi, na nyingi hazina gesi kabisa ni umeme mtupu, ukiweka sola bili inashuka sana. St Albans Julai asubuhi ukipumua sebuleni unaona mvuke wako mwenyewe, nimeuona. Inabidi uweke sufi darini na chini ya sakafu, uzibe mianya, uweke AC ya kupoza na kupasha.

Ila kuna kitu kimoja hakuna anayewaambia wageni. Jua la huku halipiti utosini kama Tanga, linapita upande wa kaskazini. Nyumba ambayo sebule yake inatazama kaskazini inapata jua la majira ya baridi mpaka ndani kwenye zulia, ya sebule kusini ni giza na ukungu wa ukutani, ya madirisha makubwa magharibi Januari siku za digrii 40 ni tanuri mpaka saa tatu usiku. Kwa iyo ukienda kuangalia nyumba fungua dira ya simu kwanza kabla hujasifia jiko. Nyumba ya St Albans jiko na uwanja wa nyuma vinatazama kaskazini. Mchoro wa Tarneit sebule ilikuwa kusini na kuugeuza ilishindikana kwa sababu kiwanja ni chembamba na garaji lazima iwe mbele.

Uwanja. Hapa ndo moyo wangu uliposhikwa, nisiseme uongo. St Albans ilijengwa na wahamiaji, baada ya vita kuu ya pili walikuja Wamalta, Wayugoslavia, Wapolandi, Waitaliano, vifaa vya ujenzi adimu, hela hawana, basi mtu alinunua kiwanja akajenga kijumba nyuma, familia nzima ikaishi humo, nyumba ya mbele ikapanda taratibu miaka na miaka kadri mshahara ulivyoruhusu. Nani kati yetu hajui ujenzi huo? Baba yangu Tanga alijenga hivyo hivyo, tofali mia leo, nondo mwaka kesho. Kwenye hii nyumba kile kijumba cha nyuma bado kipo, sasa ni stoo, na aliyekijenga aliacha mtini mkubwa, mlimau, na mzabibu uliotambaa juu ya mabomba ya chuma. Tarneit kiwanja mita 350, nyumba na garaji vikishakaa unabaki na ukanda wa nyuma wa kuweka baiskeli na kamba ya nguo, na mwenye mradi wa viwanja amekupa masharti ya maua gani yawe mbele, rangi gani ya tofali, fensi ya aina gani, na umalize kwa muda gani.

Na kuna faida ya kisheria ya kiwanja kikubwa. Tangu Desemba 2023 Victoria imeruhusu nyumba ndogo ya pili isiyozidi mita za mraba 60 nyuma ya nyumba bila kibali cha mipango miji, ilimradi kiwanja kina mita 300 au zaidi na hakijabanwa na masharti maalum. Kibali cha ujenzi bado kinatakiwa. Tarneit namba inafika, nafasi haifiki. St Albans vyote vinafika. Kwa anayetaka kumleta mzazi au mdogo wake anayesoma, hii ni hoja nzito.

Usafiri nao. St Albans ina treni za umeme za mjini, laini ya Sunbury, stesheni yenyewe ilijengwa upya 2016 reli ikashushwa chini ya barabara ili magari yasisubiri geti, na kutoka ile nyumba kwa miguu ni dakika tisa, nimepima na saa. Tarneit stesheni ilifunguliwa 2015 lakini treni zake ni zile za mkoani za dizeli zinazotoka Geelong, zikiwahi zinaenda haraka kweli, kama nusu saa upo Southern Cross, stesheni kubwa ya katikati ya jiji, tatizo asubuhi zinafika zimejaa tayari, na parking inajaa mapema, na kiwanja chetu kilikuwa kilomita nne kutoka stesheni. Barabara kama Derrimut na Sayers saa moja asubuhi ukikaa humo unaweza kumaliza juzuu nzima ya Kurani. Baba Nasra anafanya kazi ghala la Truganina, kwake Tarneit ni dakika kumi na tano. Mi nafanya kazi nyumba ya kutunzia wazee upande wa Sunshine, shifti saa moja asubuhi, kwangu St Albans ndo karibu. Hapo tulivutana siku nyingi.

Kilichomaliza mvutano ni mama. Mama yuko nasi tangu mwaka jana, ana miaka 68, haendeshi gari, Kiingereza chake cha salamu. Jumatano moja tulimchukua tukampeleka Tarneit kwenye mtaa ambao tungejenga, saa tano asubuhi, nyumba nzuri zote mpya, majani yamekatwa, mapipa ya taka yamepangwa nje kifuniko chekundu na cha njano. Tukashuka tukatembea naye. Dakika ishirini hatukukutana na mtu hata mmoja, duka hakuna, ni milango ya garaji imefungwa mmoja baada ya mwingine. Mama akasimama akaniuliza, "Mwanangu, hawa watu wako wapi?" Nikamwambia wako kazini mama. Akasema, "Na mimi nitakaa na nani?" Baba Nasra akajibu, "Tutakuwa tunakutembeza wikendi mama," mama akanyamaza tu.

Alasiri ile ile tukampitisha Alfrieda Street, St Albans. Ule mtaa una maduka ya Wavietnamu yamebanana, mboga zimemwagwa mpaka njiani, samaki wazima kwenye barafu. Mama akaenda moja kwa moja kwenye fungu la majani, akalinusa, akaniita kwa sauti kama yuko sokoni Mgandini, Tanga: "Matembele haya!" Kweli ni matembele, Wavietnamu nao wanakula majani ya viazi vitamu. Kulikuwa na bamia, muhogo, ndizi mbichi, embe changa. Akanunua mafungu matatu kwa kuonyesha vidole, mama wa duka naye akamjibu kwa vidole, akamwongezea pilipili. Baba Nasra alikuwa anatazama, kwenye gari akaniambia, "Mama Nasra, mi nitaamka mapema niende Truganina, basi."

Tarneit ina maduka, tena mazuri, maduka ya Wahindi ya dengu, unga wa chapati na viungo ni bora kuliko St Albans, nyama halali ipo, na misikiti: Al-Taqwa iko Truganina hapo jirani na shule yake, Hoppers Crossing kuna msikiti wa Bikira Maryam. Ila yote ni ya kwenda na gari. St Albans msikiti wa Waturuki wa Cyprus uko Sunshine, nao ni gari au basi, hapo hakuna aliyeshinda. Hospitali St Albans imeshinda, ya Sunshine iko pale pale Furlong Road pamoja na ile ya kina mama na watoto ya Joan Kirner iliyofunguliwa 2019, mjamzito unafika kwa dakika chache. Shule, Tarneit ni mpya zinang'aa lakini watoto ni wengi mno madarasa ya muda yanaongezwa uwanjani, angalia mpaka wa shule kwa anwani yako kamili kabla hujasaini.

Kwa iyo ushauri wangu ni huu. Kama nyinyi ni wawili mnaendesha wote, watoto wanne au watano wanaotaka kila mmoja chumba chake, kazi ziko Truganina, Laverton au Werribee, na mnaishi pahala pa bei nafuu mnaposubiri, nendeni Tarneit, tena tafuteni nyumba iliyokwisha kujengwa ya miaka mitano sita, mnaruka kungoja hati na mjenzi, ingawa ile 10,000 ya serikali hamtaipata na ushuru mtalipa kwenye bei nzima. Kama kuna mtu mmoja ndani ya nyumba asiyeendesha, awe bibi, awe mke aliyefika juzi, awe kijana wa miaka kumi na tano, fikiria siku yake ya Jumatano kuanzia asubuhi hadi jioni, afu ndo uchague. Kwetu hiyo ndo iliamua.

Malipo ya awali, wengi wanadhani lazima asilimia 20. Raia au mkazi wa kudumu anayenunua mara ya kwanza anaweza kuingia mpango wa serikali kuu wa asilimia 5 bila bima ya mkopo, tangu Oktoba 2025 kikomo cha mshahara kimeondolewa na bei kwa Melbourne ni mpaka 950,000. Nyumba zote mbili zilikuwa ndani. Wasiotaka riba kuna taasisi zinazotoa fedha kwa njia ya Kiislamu, linganisha gharama jumla ya miaka yote, sio malipo ya mwezi peke yake.

Na namna ya kununua ina uzito wake. Mnadani Jumamosi ukigonga bei umenunua, hakuna kurudi nyuma, kwa iyo ukaguzi na kibali cha benki viwe vimekamilika kabla. Mauzo ya kawaida Victoria yanakupa siku tatu za kazi za kujitoa, ukijitoa unapoteza dola 100 au asilimia 0.2 ya bei, kipi kikubwa. Sisi tulisaini Jumatatu jioni, mkaguzi aliingia chini ya sakafu Jumanne, akatoka na picha za nguzo saba zilizooza, Jumatano wakili wetu akampelekea dalali zile picha, Alhamisi mwenye nyumba akakubali kushusha 12,000. Bei ikawa 678,000, sawasawa na ya Tarneit. Mafundi wa nguzo wanaingia wiki ya kwanza baada ya funguo, kabla hatujaingiza hata kitanda, na mama ameshachagua pahala pa matembele yake, pale kwenye ukuta wa kijumba cha nyuma unaopokea jua la kaskazini, mbali kidogo na nyumba ili akimwagilia maji yasifike kwenye nguzo.